Mstari Mweusi Chini ya Rangi Nyekundu

Mama huyu, mwenye umri wa miaka 54, alifika kliniki ya ngozi akiwa amevaa viatu vya kufunika vidole, jambo lisilo la kawaida kwa mchuuzi wa dagaa wa Kirumba ambaye siku zake zote hupita katika ndala na mchanga. Alipovua kiatu cha mguu wa kulia, kucha nne zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Ya kidole gumba haikupakwa, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pa kupaka. Ukucha ulikuwa umepasuka katikati, na ndani ya mpasuko kulikuwa na nyama nyeusi iliyotoa damu ilipoguswa na pamba.

Nilimwuliza tatizo lilianza lini. Akasema lilianza kama mstari mwembamba mweusi, mithili ya uliochorwa kwa kalamu ya wino, takribani miaka miwili nyuma. Aliyeuona kwanza hakuwa yeye. Alikuwa kijana anayepita na beseni na kikapu cha rangi, ambaye humwosha miguu na kumpaka kucha kila baada ya wiki tatu. "Aliniambia, mayu, hapa pana weusi, ngoja nikuongezee koti la pili." Mstari ulipopanuka akamwongezea la tatu. Katikati ya safari hiyo mama alikwenda kwenye zahanati moja, akaandikiwa vidonge vya fangasi kwa miezi mitatu pasipo ukucha kukwanguliwa ili uchunguzwe kwa darubini. Akavimeza vyote, kisha akarudi kwa kijana wake.

Kipande cha nyama tulichokipeleka maabara ya patholojia kilirudi na jibu la melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kidole kilikatwa. Tezi za kinena cha upande huo zilikuwa zimekwisha kuvimba, na saratani ilikutwa humo pia. Anaendelea na matibabu, nasi hatukumficha kwamba amechelewa. Ameridhia habari yake iandikwe. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, lakini kuhusu ukucha sikubadilisha neno.

Mhudumu aliyetoa vidonge alikosea, na nitarudi kwake. Hata hivyo, anayenijia akilini mara kwa mara ni yule kijana. Kwa hesabu ya wiki tatu tatu katika miaka miwili, aliushika ukucha ule zaidi ya mara thelathini, katika mwanga wa mchana, kwa umbali wa shubiri moja, ukiwa hauna rangi. Hakuna daktari wa ngozi duniani anayepata nafasi ya namna hiyo kwa mgonjwa mmoja. Aliuona ugonjwa ungali mstari. Alichokosa ni mtu wa kumwambia maana ya alichokiona, na sababu ya kifedha ya kukisema.

Mafundi na bei zao

Jijini Mwanza kazi ya kucha ina ngazi zake. Wapo wenye saluni zenye viyoyozi, taa za kukaushia jeli na mashine za kusagia. Wapo wenye vibanda na meza moja, kuanzia katikati ya mji hadi Nyegezi na Malimbe, ambako wanachuo ni wateja wakubwa. Na wapo wanaotembea, wengi wao vijana wa kiume, wakigongesha chupa za rangi ili wasikike, wakifuata wanawake sokoni, mialoni na majumbani. Kwa bei ninazotajiwa na wagonjwa, anayetembea huosha miguu na kupaka rangi kwa shilingi elfu mbili au tatu. Jeli kibandani huanzia elfu kumi. Kucha ndefu za kubandika zenye urembo hupanda zaidi ya hapo.

Madaktari tumezoea kuwaonya mafundi hawa kuhusu usafi kana kwamba usafi ni tabia tu. Usafi ni gharama, na gharama sharti iingie katika bei au iachwe. Tufanye hesabu ya mfano. Ikiwa boksi la glavu 100 linauzwa shilingi 20,000, jozi moja ni shilingi 400. Fundi wa jeli atumie jozi mbili kwa mteja: 800. Msasa mpya wa kucha: 700. Pamba, spiriti na karatasi ya kufungia vidole wakati wa kuondoa jeli: 500. Sabuni na Jik ya kusafishia vyombo: 100. Jumla ni shilingi 2,100. Kwa anayetoza 15,000 hiyo ni kama sehemu moja ya saba, mzigo unaobebeka. Kwa kijana anayetoza 2,500, msasa peke yake unakula zaidi ya robo ya pato lake kabla hajanunua rangi. Basi msasa ule ule unapita katika kucha za wanawake wote wa mtaa mmoja, kisha unahamia mtaa wa pili. Na mteja naye husema, "Punguza bwana, jana mwenzako alitaka elfu moja na mia tano." Aliyepunguziwa mia tano hajui ni hatua ipi iliyopunguzwa pamoja nayo.

Msasa wa karatasi au mbao hauwezi kusafishwa ukasafika. Kinachoufaa ni kuwa wa mtu mmoja. Kwa wateja wa kijana anayetembea, suluhisho rahisi ni mteja kuwa na vifaa vyake mwenyewe: msasa wake, mkasi wake wa kucha na kijiti chake cha kusafishia, katika mfuko mdogo unaobaki nyumbani au chini ya meza ya dagaa. Vitu hivyo vikinunuliwa mara moja hukaa miezi, na kijana hapotezi chochote.

Vyombo vya chuma ni habari nyingine, kwa kuwa ndivyo vinavyotoa damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai juu ya chombo kikavu kwa siku 7 au zaidi, hata kama damu iliyobaki haionekani kwa macho. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huu mwaka 2002. Kwa hiyo wateja na mafundi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Kupangusa mkasi kwa pamba yenye spiriti baina ya mteja na mteja hakutoshi palipotoka damu. Chombo kioshwe kwanza kwa sabuni, maji na brashi hadi uchafu wote uondoke, kisha kilowekwe katika Jik iliyochanganywa. Kwa Jik yenye klorini ya asilimia 3.5, sehemu moja ichanganywe na sehemu sita za maji. Kiloweke humo dakika 10, kisuuzwe na kukaushwa. Kikizidishiwa muda, chuma kitaliwa na kutu, nayo kutu ni maficho mapya. Anayependa kuchemsha, achemshe dakika 20 kuanzia maji yanapotokota. Fundi mwenye seti mbili za vyombo hapotezi muda, kwa kuwa moja inalowa huku nyingine ikifanya kazi. Fundi mwenyewe apime homa ya ini B, na akikutwa hana, achanjwe.

Ukucha unavyoharibiwa

Ukucha tunaouona ni bamba gumu lisilo na uhai. Uhai uko chini ya ngozi, kwenye shina, pale bamba linapotengenezwa. Ukucha wa mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, hivyo huchukua miezi kama 6 kujibadili wote; wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayeahidiwa dawa ya kuponya ukucha wa mguu kwa wiki mbili anauziwa maneno.

Baina ya ngozi na bamba upo utando mwembamba ambao mafundi wengi huukata kwa mkasi ili ukucha uonekane mrefu na safi. Utando huo ni lakiri ya bahasha. Ukikatwa, maji, bakteria na fangasi hupata njia ya kwenda kwenye shina. Mdudu wa kidole, ule uvimbe wenye usaha unaopwita usiku kucha, mara nyingi huanza siku mbili tatu baada ya mkasi huo kupita. Kwa wanawake wanaoosha samaki na vyombo kutwa nzima, uvimbe huwa wa muda mrefu, usaha haba, na ukucha hukua ukiwa na mabonde. Huyo anahitaji mikono mikavu kuliko anavyohitaji antibiotiki. Fundi aulainishe utando kwa maji ya uvuguvugu na kuusogeza taratibu. Mkasi ukate kinyama kilichokufa na kuning'inia, basi.

Jambo la pili ni mashine ya kusagia. Bamba la ukucha ni jembamba, na likisagwa kwa kina ili gundi ishike, kila marudio huondoa tabaka jingine. Wateja huniambia, "Daktari, jeli imenimaliza kucha." Mara nyingi jeli haina kosa, zimemalizwa na kusagwa na kubanduliwa kwa nguvu. Jeli iondolewe kwa asetoni, pamba na karatasi ya kufungia, dakika 10 hadi 15, hadi itoke yenyewe kwa kijiti. Kibanda chenye foleni hakisubiri dakika 15, na hapo tunarudi tena kwenye bei: anayetoza kuondoa peke yake, hata shilingi elfu tatu, hupata sababu ya kusubiri. Anayeondoa bure atabandua.

Ukucha ulioachana na kitanda chake huacha uwazi, na maji yakiingia humo huota bakteria aina ya Pseudomonas anayetoa rangi ya kijani kibichi. Mteja huja na hofu kubwa kwa ugonjwa ambao kwa kawaida si mkubwa. Kucha za bandia zitolewe, sehemu iliyoachana ikatwe, kidole kikaushwe, na tiba ya kupaka au kulowekea huandikwa na mhudumu. Kosa ni kupaka koti jipya juu ya ukijani.

Sasa kuhusu fangasi na vile vidonge vya miezi mitatu. Si kila ukucha mnene, mweupe au mweusi una fangasi. Soriasisi, kuumia mara kwa mara kwenye kiatu, na uzee wenyewe huweza kufanana nao. Kukwangua unga wa chini ya ukucha na kuutazama kwa darubini pamoja na potasiamu haidroksaidi ni kipimo cha bei nafuu kinachofanyika katika maabara ndogo. Terbinafini hutolewa kwa wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa kucha za miguu. Kumpa mtu wiki 12 za dawa kwa kubahatisha ni kumchelewesha kwa wiki 12, na kwa mama wa dagaa wiki hizo zilikuwa na thamani kubwa kuliko dawa yenyewe.

Mikono ya fundi

Mgonjwa mwingine alikuwa fundi mwenyewe, msichana wa miaka 26 mwenye kibanda chake. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekauka, zimepasuka na kuwasha; kope za macho zilivimba kila alipofanya kazi nyingi, hasa mwezi wa Desemba. Alikuwa amekwisha tumia mirija kadhaa ya krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwenye maduka ya dawa, zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki pamoja. Alipata nafuu kila alipopaka na kuumwa tena kila aliporudi kazini.

Ulikuwa mzio wa akrileti, kemikali zilizomo katika jeli, katika unga na maji ya akriliki, na katika gundi za kucha. Kemikali hizi zikikauka kabisa kwa taa huwa tulivu. Zikiwa mbichi, au zikikaushwa kwa taa isiyolingana na jeli, hupenya ngozi na kuuamsha mwili dhidi yake. Mwili ukishaamka hausahau, na mzio hubaki kwa maisha yote. Vilevile hauishii kwenye kucha: akrileti zimo katika vifaa vya kuzibia meno, katika saruji inayoshikilia nyonga za bandia, na katika gundi za baadhi ya vipima sukari vinavyobandikwa mwilini. Msichana huyu atapaswa kumwambia daktari wa meno habari hii hata akiwa bibi.

Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kuanzia 2021 jeli zenye kemikali iitwayo HEMA ziuzwe kwa mafundi wa kazi hiyo pekee, zikiwa na onyo la mzio. Mnamo Septemba 2025 ukapiga marufuku kiambato kingine cha kukaushia jeli, TPO, kwa kuhofia madhara yake kwa uzazi. Chupa ninazoletewa kliniki mara nyingi hazina orodha ya viambato inayosomeka, nami siwezi kumwambia fundi kilichomo. Naweza kumwambia hivi: jeli isiguse ngozi, aache ukingo wa kama milimita moja, taa iwe ya aina iliyokusudiwa kwa jeli hiyo, avae glavu za nitrili, kwa kuwa akrileti hupenya zile za mpira wa kawaida kwa muda mfupi mno, na hata hizo za nitrili azibadilishe mara tu zinapochafuka, dirisha liwe wazi, na barakoa ivaliwe wakati wa kusaga.

Gundi ya supa, ile ya kubandikia viatu na vyombo vilivyovunjika, isitumike kwenye kidole cha mtu. Ikimwagikia kitambaa cha pamba hutoa joto kali linaloweza kuunguza ngozi. Hilo nimeliona kwenye paja la mteja aliyevaa kitenge.

Msichana yule aliacha jeli. Sasa anaosha miguu na kupaka rangi za kawaida, na pato lake limepungua. Hakuna bima inayomfahamu kama mfanyakazi aliyeumia kazini.

Beseni

Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville, California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja walipata majipu ya miguuni yasiyopona kwa miezi. Chanzo kilikuwa bakteria wa jamii moja na yule wa kifua kikuu, waliokuwa wakiishi nyuma ya vichujio vya mabeseni ya umeme ya kuoshea miguu, ambako nywele na mabaki ya ngozi yalikuwa yamejikusanya. Walionyoa miguu kabla ya kuoshwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Saluni zetu zinazonunua mabeseni hayo zijue kwamba kichujio hufunguliwa na kusuguliwa. Beseni la plastiki la kijana wa Kirumba, kwa bahati nzuri, halina pa kuficha uchafu. Lioshwe kwa sabuni baada ya kila mteja na likauke.

Sisi tuna tatizo ambalo Watsonville hawana, nalo ni maji yenyewe. Mwaloni, ndoo huchotwa ziwani. Maji ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, hasa penye konokono na majani, hubeba viluwiluwi vya kichocho, na kiluwiluwi huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi iliyolowa. Mguu unaokaa dakika 20 katika beseni la maji yaliyochotwa muda huo umeingizwa ziwani bila mwenyewe kujua. Mikono ya anayeosha nayo imo. Maji ya bomba ni salama kwa hili. Yasipopatikana, maji ya ziwa yaliyotuama ndani ya pipa lenye kifuniko, bila konokono, kwa siku mbili huwa yamepoteza viluwiluwi hai. Yaliyochemshwa pia yanafaa. Pipa moja lililojazwa leo kwa ajili ya keshokutwa ni kinga isiyogharimu chochote.

Swali moja liulizwe kabla mguu haujaingia kwenye beseni: "Mama, una kisukari?" Mwenye kisukari huenda hasikii joto wala maumivu miguuni. Maji yapimwe kwa kiwiko, visigino visikwanguliwe kwa wembe, na kucha zikatwe kwa unyoofu bila kuchimba pembeni. Kidonda kidogo cha saluni kwa mtu huyu kinaweza kumfikisha chumba cha upasuaji.

Neno kwa wenzangu wa wodini

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na kucha zao za asili ziwe fupi. Chini ya kucha za bandia bakteria hubaki hata baada ya kunawa. Huko Oklahoma, kati ya 1997 na 1998, mlipuko wa Pseudomonas katika wodi ya watoto wachanga mahututi ulihusishwa na kucha ndefu na za bandia za wauguzi. Watoto 16 miongoni mwa walioambukizwa walifariki. Nafahamu kwamba suala hili huleta maneno kwenye vikao vya asubuhi. Nafahamu pia wanaume tunavyolisema kana kwamba kucha zetu wenyewe zimekaguliwa.

Rangi nzito na kucha za bandia huweza pia kuvuruga kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Mgonjwa anayekwenda kupasuliwa aachiwe angalau kidole kimoja kitupu.

Mstari

Turudi kwenye mstari mweusi, kwa kuwa fundi atauona mara nyingi na mara nyingi hautakuwa saratani. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mistari ya kahawia inayokwenda kutoka shinani hadi ncha ya ukucha ni kawaida, tena huongezeka kadiri umri unavyosogea. Hupatikana kwenye vidole kadhaa, huwa imenyooka na rangi yake imetulia. Dawa nazo huleta weusi kwenye kucha nyingi kwa pamoja; zidovudini ni mojawapo, na kwa sababu hiyo fundi asikisie ugonjwa wa mteja kwa sauti mbele ya watu. Damu iliyovilia baada ya kugongwa na tenga au jiwe huwa nyeusi pia, ila husogea mbele kila mwezi ukucha unapokua, na nyuma yake ukucha safi hufuata.

Unaohitaji daktari ni mstari ulio peke yake, kwenye ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba cha mkono au cha mguu, uliojitokeza au kubadilika ukubwani. Ulio na upana wa milimita 3 au zaidi. Wenye kingo zisizo wazi au rangi zilizochanganyika. Na zaidi ya yote, ule ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni. Ukucha unaopasuka au kutoa damu bila kugongwa uje siku hiyo hiyo. Katika Kanda ya Ziwa tumezoea kuihusisha saratani ya ngozi na ndugu zetu wenye ualbino, na ni kweli kwamba jua limewaonea wao zaidi. Melanoma ya chini ya ukucha haisubiri jua wala ngozi nyeupe. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Mhudumu wa zahanati akiuona mstari wa namna hiyo asiandike dawa, aandike rufaa. Mgonjwa anayekuja kliniki ya kucha aje bila rangi.

Na fundi afanye nini? Nilimtafuta yule kijana kupitia kwa mama, naye akaja, akiwa na woga wa mtu aliyeitwa kushtakiwa. Tulizungumza muda mrefu. Aliposikia kuhusu kidole kilichokatwa alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Daktari, nikimwambia mteja aende hospitali, anaondoka bila kupaka. Nimeosha miguu bure. Na wiki ijayo anamwita mwingine ambaye hatamtisha." Sikuwa na jibu la haraka. Jibu tulilotunga pamoja ni hili: ukucha wenye shaka uachwe mtupu, kucha tisa zilizobaki zipakwe kama kawaida, na bei isipungue. Mteja anaondoka amependeza, kijana amelipwa, na ukucha ule mmoja usio na rangi unaonekana na kila mtu, mwenyewe akiwa wa kwanza, hadi siku atakapouleta.

Miezi mitatu baadaye alikuja kliniki na mwanamke wa makamo mwenye doa jeusi kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Tulilitazama kwa lenzi yenye mwanga. Ilikuwa damu, aliangukiwa na tenga la dagaa mwezi uliotangulia na alikuwa amesahau. Nilimwonyesha ukucha safi uliokwisha kuchomoza nyuma ya doa. Nilipotoka kwenda kumwita mgonjwa aliyefuata nikawakuta wote wawili kwenye benchi la nje, kikapu kikiwa wazi sakafuni, kijana ameinama akipaka ukucha wa kumi. Nilimsikia mama akiuliza kama sasa atatozwa zaidi, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa umerukwa.

"Ni bei ile ile, mayu," alisema. "Tulia usije ukaichafua."